Sabuni ya Gaudensia

Namshukuru mkazamwana wangu Gaudensia. Naanza na shukrani mapema, maana nikichelewa kiburi changu kitatangulia. Mimi Ernestine ni mtu wa kiburi. Wanaonijua hapa Litapunga watakuambia, na marehemu mume wangu angekuwepo angekuambia kabla yao.

Miaka mitano iliyopita, Gaudensia alipoolewa na mwanangu Pacifique, siku ya kwanza ya kunipikia alikuja kuninawisha. Alipiga goti vizuri, jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto. Pembeni ya beseni aliweka kipande cha sabuni. Nikakitazama. Nyumbani kwangu maji ya kunawa kabla ya kula hayakuwahi kuwa na sabuni. Nikaona huyu binti wa wenyeji wa Mpanda ananiona mchafu, mimi niliyeletwa kutoka Burundi mgongoni mwa mama yangu. Nikamwambia mbele ya wageni, "Hiyo kafulie nguo za mume wako." Wageni walicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo sikuiona tena sabuni kwenye beseni lake.

Wakati huo wote nilikuwa na simbilisi wangu, wale jamaa za panya wa kufugwa, wanene, wasio na mkia. Walikuwa saba, wanalala jikoni chini ya kichanja cha vyombo na kula maganda ya viazi. Siwali. Nawafuga kwa sababu wakisikia nyayo zangu wanapiga kelele za kunikaribisha, na kwa mjane hilo si jambo dogo. Mnene kuliko wote anaitwa Mzee wa Kanisa. Jina hilo alipewa na mjukuu wangu Jeannine, mwenye miaka minne, aliyeshinda kwangu kila mama yake akienda shambani. Jeannine alikataa kijiko. Alikula kwa mkono wangu tu. Basi nafagia vinyesi vya simbilisi, nasuuza vidole, namega tonge, nachovya kwenye maharage, namtia mdomoni.

Masika ya mwaka huu mtoto akaanza kukonda. Tumbo lilimsokota, akaharisha, akawa hataki chakula. Dawa ya minyoo ya dukani haikufua dafu. Gaudensia akaniambia kwa upole, "Mama, hawa wanyama wangetoka jikoni." Nilimjibu maneno ambayo siyarudii. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akambeba mwanawe, akasema, "Mpaka apone, atakula kwangu."

Nyumba yao iko ng'ambo tu ya shamba langu la muhogo, lakini siku nne zile ilikuwa mbali. Nilikaa jikoni na ugali wa mtu mmoja. Niliogopa mambo mawili, na nayasema yote: mtoto asije akafa, na akipona asije akakatazwa kula mkononi mwangu maisha yake yote.

Siku ya tano Pacifique akaja. Walikuwa wamempeleka mtoto kituo cha afya, na mtaalamu wa maabara, Msukuma mmoja anaitwa Manyanda, alikuwa anataka choo cha kila anayekula na mtoto, na cha simbilisi pia. "Cha Mzee wa Kanisa?" nikauliza. "Cha wote, mama." Nikaenda na vikopo nimevificha kwenye kitenge kama mwizi wa karanga.

Tulikaa mbele ya Manyanda mimi, Pacifique na Gaudensia, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake.

"Nimeona mayai ya tegu mdogo," akasema. "Siyo yule wa nyama ya ng'ombe. Huyu ni kama kauzi. Anakaa kwenye utumbo wa panya na jamaa zao wa kufugwa, na kwa watu pia. Mtoto anaye. Simbilisi mmoja anaye. Na wewe, mama, unaye."

"Mimi? Mbona siumwi?"

"Mtu mzima anaweza kukaa naye asijue. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika mikononi, halafu yanaingia mdomoni. Kwa macho huyaoni."

"Nani alianza kumpa mwenzake, mimi au simbilisi?"

"Hilo darubini haisemi." Akamgeukia Gaudensia. "Mtoto huwa analishwa na nani?"

Gaudensia alikuwa na nafasi yake hapo. Angenitaja tu, kwa haki. Aliinamisha kichwa, akanyamaza, akamfunga mtoto kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Kwa ukimya ule nitamshukuru mpaka siku ya kuzikwa.

"Na mimi," nikasema. "Kwa mkono huu." Mficha uchi hazai.

Tukapewa vidonge wote, tukaambiwa turudie baada ya wiki mbili. Pacifique akajenga banda la simbilisi nyuma ya nyumba, mbali na jiko, na bwana mifugo akawapa dawa yao. Njiani kurudi, na siku zote zilizofuata, Gaudensia hakusema hata mara moja, "Si nilikuambia?" Ingekuwa mimi, ningesema mpaka Ugalla wasikie.

Tulipopimwa tena, Manyanda akasema tuko safi. Jumapili iliyofuata Gaudensia akaniita kwake kula. Jeannine alikuwa ameanza kurudisha mashavu. Chakula kikatengwa, Gaudensia akapiga goti na jagi lake na beseni lake, akainamisha jagi. Nikarudisha mikono nyuma.

"Sabuni iko wapi?"

Akainua uso. "Mama, wewe si ulisema..."

"Najua nilichosema. Nilikosea. Kailete, mwanangu."

Alikwenda mbio, akarudi na kipande, macho yamemlowa. Nikanawa. Nikanawa katikati ya vidole na chini ya kucha, maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa huko. Nikanawa mpaka Jeannine akalalamika, "Bibi, ugali unapoa!"

Nikanyoosha mkono nichukue chakula changu mwenyewe, kwa mtoto sikuthubutu. Gaudensia akaisogeza sahani ya Jeannine mbele yangu.

"Mlishe, mama," akasema. "Nikimlisha mimi anakula nusu."

Nikamega tonge. Nikachovya, na maharage yakanidondokea kwenye kitenge. Jeannine akafungua mdomo.