Msimpe Jina Langu

Sidi alishika nafasi ya tisa. Ya tisa, jamani, mtu aliyekuwa akishinda mbio za mita elfu tano za kaunti miaka mitatu mfululizo! Tangu siku hiyo akili zikamruka. Akila hajui kala nini. Kila alfajiri alivaa viatu vya kukimbilia, akakaa kitandani, kisha akavivua. Kama si mkimbiaji, basi yeye ni nani? Alijiuliza mpaka kichwa kikamuuma.

Juu ya hayo, mke wa kaka yake Baya akajifungua binti, na Kinango nzima ikajua kwamba mtoto ataitwa Sidi, kwa jina la shangazi yake. Badala ya kufurahi, Sidi aliona haya. Mtoto asiye na kosa abebeshwe jina la mtu wa tisa? Akatoka Kwale mbio mbio kwenda Kinango kuwazuia kabla jina halijatolewa.

Alimkuta Baya uani, anafunga mbuzi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana?"

"Msimpe jina langu. Mpeni la mshindi."

"Mshindi wa nini?"

"Wa mbio! Si ndiyo sababu mkanichagua?"

Baya akacheka mpaka kamba ikamponyoka, mbuzi naye akaenda zake. Alipoona dada yake analia, akanyamaza.

"Una wazimu wewe," akasema taratibu. "Nilipovunjika mguu, nani alilala sakafuni siku kumi na moja, hospitali ya Msambweni, ananilisha, ananiosha? Ulikuwa na miaka kumi na minne. Niliapa pale pale: nikipata binti, ni Sidi."

Siku hizo Sidi alizikumbuka sana, maana ndizo zilizomkosesha mbio za shule. Miaka yote hii alizihesabu hasara.

"Lakini sikufanya kitu, kaka. Nilikaa tu."

"Ndiyo. Ulikaa. Mwingine hakukaa."

Milcah, mke wa Baya, akatoka ndani, akaketi na kumpakata mtoto. "Haya, wifi, mwite wajina wako."

Machozi yalimtoka Sidi, wala hakujua analilia lipi: furaha, au miaka yote ile.

"Sidi," akaita kwa woga.

Mtoto kimya, amelala. Sidi akajikuta ameitika mwenyewe: "Abee."