Kutu ya Bwana Dhamana

Gari la kwanza asubuhi ile lilikuwa teksi iliyokuwa imebeba samaki. Wifi Mdogo alikuwa ameinama ndani ya buti, akifyonza maji ya magamba kwa vakyumu, mashine yao ya kufyonzea yenye pipa, huku akimsema wifi yake kwa kupika chai nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe.

"Chai gani hii mtu anaona hadi mwisho wa kikombe? Kaka yangu alioa nini mie..."

Hapo akanyamaza. Wifi Mkubwa, aliyekuwa akifuta vioo upande wa pili, alidhani mwenzake anatafuta neno kali zaidi, akangoja alisikie ili naye ajibu. Alipoona kimya kimezidi, alizunguka nyuma ya gari akamkuta amelala kifudifudi juu ya zulia lenye maji, mkono umekumbatia pipa la mashine, mota bado inanguruma.

Walikuwa mawifi kwelikweli, mmoja ameolewa na kaka wa mwenzake, na kibanda chao cha kusafisha magari ndani, chenye paa la mabati na sakafu ya saruji, watu walikiita Kwa Mawifi. Walisemana tangu kufungua mlango hadi kufunga. Wateja wengine walileta magari ambayo hayakuwa machafu, alimradi wakae kwenye benchi wasikilize.

Fundi umeme alipoifungua ile vakyumu alikuta kibano cha ndani kimeliwa na kutu hadi kimekatika, waya umeangukia ukuta wa pipa, na pipa zima limegeuka umeme mtupu. Alikwaruza rangi ya fedha kwa ukucha. Chini yake hapakuwa na chuma kisichoshika kutu, kama ilivyoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Palikuwa na bati la kawaida, la kuezekea banda la kuku.

Aliyewauzia mashine ile alikuwa mwenye duka kubwa la vifaa vya gereji, kule mwisho wa barabara. Watu walimwita Bwana Dhamana, kwa sababu hakuuza kitu bila kuapa kwamba kina dhamana ya maisha. Alikuja msibani na shati jeupe, akakaa mstari wa mbele, akala akashiba. Wifi Mkubwa alimfuata alipokuwa akinawa mikono.

"Kutu imemuua wifi yangu," alimwambia.

"Pole sana, dada yangu. Lakini pengine hamkuwa mnaikausha."

"Aliikausha kila jioni. Aliipindua juu ya matairi akaifuta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wewe mwenyewe ulituambia ina dhamana ya maisha."

"Maisha ya mashine," alisema Bwana Dhamana kwa upole, akijifuta vidole kimoja kimoja. "Ya mtu anayo Mungu."

Polisi walisema ni ajali. Bwana Dhamana alisema ni ajali. Hata mume wa Wifi Mkubwa, aliyekuwa amemzika dada yake wa pekee, alisema ni ajali, maana neno hilo lilimpa usingizi. Wifi Mkubwa alimwomba fundi umeme afunge waya mpya kwenye mashine ileile.

"Shangazi, itupe," fundi alimsihi. "Tako la pipa limeoza. Ukiligonga kidole kinapenya."

"Funga waya," alisema.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka vizuri Bwana Dhamana alipoleta gari lake, lile jeupe lenye viti vyeupe. Hakuona sababu ya kulipeleka kwingine. Mji mzima hakuna aliyesafisha viti vyeupe kama Mawifi, na kwake mambo ya msiba yalikuwa yameishia msibani. Alimkabidhi Wifi Mkubwa ufunguo, akaketi kwenye benchi na simu yake.

Wifi Mkubwa alipiga magoti juu ya kiti cha dereva akafyonza. Alifyonza mchanga, makombo ya biskuti, pini ya nywele na kifungo cha shati. Alifyonza kila mkunjo, taratibu, meno yameumana, akimtakia mwenye kiti hicho mabaya yote aliyoyafahamu na mengine aliyoyabuni papo hapo. Alipomaliza, akapindua pipa ili alikaushe, aliona kwamba tako lake, lililokuwa la kahawia tupu, lina doa safi linalong'aa, upana wa kiganja. Alilibonyeza. Lilikuwa gumu.

Nje, Bwana Dhamana alikuwa amerudishiwa ufunguo, akijifuta kwenye suruali. Ufunguo wake ulikuwa umeshika kutu, na kidole gumba pia.

Wifi Mkubwa ni mtu makini. Hakuamua jambo kwa tukio moja. Alisafisha teksi, gari la daktari, basi la shule ambalo watoto walikuwa wamelitapikia, na kila jioni alipindua pipa akatazama. Halikubadilika. Gari jeupe liliporudi alifyonza tena, na doa likapanuka hadi kwenye ukingo, na Bwana Dhamana akaondoka na shingo ya kahawia. Basi akajua kutu inahamia wapi, na tangu siku hiyo akawa anaamka na hamu ya kwenda kazini.

Kutu ilimwingia Bwana Dhamana kama inavyoingia bati lolote, ikianzia kwenye viungo. Magoti yalianza kulia alipopanda ngazi za duka. Kisha mabega. Alipokuna kichwa, unga wa kahawia ulimwagika begani, na karani wake akazoea kusimama nyuma yake na brashi. Benki walimtandikia gazeti kabla hajaketi. Daktari alimpima, akasikiliza kifua, akasema mapafu yanakwaruza lakini yanafanya kazi, akamshauri ajiepushe na mvua na apake mafuta asubuhi na jioni. Bwana Dhamana aliuliza mafuta gani. Daktari alisema ya mashine ya cherehani ni mepesi zaidi.

Nyumbani, mume wa Wifi Mkubwa aliweka kijiko chini.

"Unamfanyia nini yule bwana?"

"Namsafishia gari."

"Watu wanasema anapukutika."

"Wamwambie asitembee kwa kishindo."

"Mama watoto, dada yangu hatarudi."

"Najua hatarudi," alisema Wifi Mkubwa. "Ningekuwa nangoja arudi ningekuwa nalia. Unaniona nalia?"

Mume alimtazama. Hakuwa akilia. Tangu msiba alikuwa amenenepa kidogo, na mikono yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayefuma. Mume alikiokota kijiko chake, akala.

Siku moja alikuja mke wa Bwana Dhamana, mwanamke mpole aliyevaa glavu, na nyuma yake mkokoteni uliobeba godoro. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akajibiwa njema.

"Shuka zangu zote zimekwisha," alisema. "Nikilala naye naamka na mistari. Naomba unisafishie godoro. Huyo mume wangu sikuombi chochote kwa ajili yake, najua siwezi."

Wifi Mkubwa alifyonza godoro lile kwa uangalifu, pande zote mbili, na hakumtoza. Mke hakuwa na kosa. Walipokuwa wakingoja likauke juani, yule mwanamke aliuliza kwa sauti ya chini:

"Utamwacha lini?"

"Aseme tu."

"Aseme nini?"

"Asimame mbele ya duka lake, mchana, watu wakiwepo, aseme lile pipa lilikuwa bati lililopakwa rangi, na kwamba yeye alijua. Akisema hivyo nitaipeleka vakyumu kwa wauza vyuma chakavu, na yeye atabaki na kutu aliyonayo, haitaongezeka. Sitaki hata aombe msamaha. Msamaha atampa nani? Mwenyewe yuko chini."

Mke alivua glavu moja akamshika mkono, akaenda kufikisha ujumbe.

Bwana Dhamana alikuja mwenyewe kesho yake. Alisikika kabla hajaonekana. Alishuka garini kipande kipande, akaegemea mlango, na Wifi Mkubwa akasimama mbele yake na kitambaa mkononi, moyo ukimwenda mbio kwa mara ya kwanza tangu ile teksi ya samaki. Aliona midomo ya yule bwana ikifunguka kwa tabu, pembeni imeganda.

"Nimeambiwa unachotaka," alisema. "Nimelala nikakifikiria."

"Na?"

"Stoo yangu imejaa mapipa hadi mlangoni, dada yangu. Na meli nyingine iko njiani. Nikisema hivyo, yale nitamuuzia nani?"

Wifi Mkubwa alingoja aone kama kuna lingine. Hakukuwa na lingine.

"Kaa kwenye benchi," alimwambia. "Leo nitaanza na kiti cha nyuma."

Alifyonza gari lile hadi mpira wa kufyonzea ukapata moto. Jioni, pipa lilikuwa limesafika nje na ndani, magurudumu, vibano na skrubu zake zote, gumu na jeupe kuliko siku lilipotolewa kwenye boksi. Na Bwana Dhamana aliporudi nyumbani mkewe alimfungulia geti kwa sababu vidole vyake havikuweza tena kukunjika.

Wiki nzima hakuonekana. Watu walisema amekwisha. Wifi Mkubwa alikwenda makaburini na chupa ya chai, safari hii nzito, akakaa chini akamweleza wifi yake kila kitu, tangu ufunguo hadi geti. Alicheka peke yake pale, hadi mchimba kaburi akageuka.

Kisha Bwana Dhamana akafungua duka. Alikuwa amejipaka rangi ya fedha, ileile ya mapipa, tabaka mbili za rangi, kuanzia utosini hadi kwenye kucha, na juu yake vanishi. Kazi ilikuwa nzuri. Hapakuwa na tone lililotiririka. Alisimama mlangoni katikati ya mashine zake mpya, na jua lilipompiga wapita njia walikinga macho. Wateja walimwambia amependeza. Mmoja alisema amerudi ujanani. Kwa kuwa hakuweza kukunja viungo, alisimama wima siku nzima, na watu wakaona ni heshima.

Na pale mteja aliposita, akauliza kama mapipa haya kweli hayashiki kutu, maana amesikia maneno, Bwana Dhamana aliinyanyua mikono yake ya fedha, bila kuikunja, kuelekea upande wa juu wa barabara.

"Nenda Kwa Mawifi," alisema. "Kachungulie pipa nililowauzia. Linatumika kila siku, na maji, na sabuni. Ukikuta doa moja, rudi nikupe langu bure."

Walikuja. Walikuja wenye gereji, wenye hoteli, wasafisha mabasi, wakaligonga pipa kwa vifundo vya vidole, wakachungulia tako lake, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wifi Mkubwa aliwaambia ukweli, kila mmoja, bila kuficha.

"Hili lilioza. Lilimuua wifi yangu, hapo uliposimama. Kutu yake iko kwa aliyeliuza, chini ya rangi."

"Ndiyo, tumemwona," walimjibu kwa adabu. "Amepakwa vizuri sana. Na huu mpira, unakuja na mashine au unanunuliwa kando?"

Alijaribu kulikwaruza pipa kwa msumari. Halikukwaruzika. Alilijaza maji ya chumvi akaliacha hivyo hadi maji yakakauka, halikubadilika. Alifikiria kulitupa mtoni, lakini akajua wangekuja kulitazama mtoni.

Msimu wa mvua ulipoingia, wale walionunua walianza kurudi, si dukani bali kwake, wakiburuta mashine zao. Mapipa yalikuwa yametoboka chini. Mama mmoja mwenye kibanda cha kusafisha mazulia alikuwa na kovu jipya la kuungua kiganjani, na mdogo wake alikuwa bado hospitali. Walisema wamesikia kwamba yeye anajua dawa.

"Acheni hapo," alisema Wifi Mkubwa. Aliyapanga mapipa mabovu ukutani, mstari mrefu, akalichomoa lake jeupe kwenye umeme akalisukuma kando. Akamwita fundi abadilishe waya wa lile la yule mama, ndilo lililokuwa limeoza kuliko yote.

Gari jeupe lilifika saa zake za kawaida. Bwana Dhamana alishushwa na dereva wake mpya na kuegemezwa kwenye benchi kama ubao, rangi yake ikinukia upya. Aliwaona watu wamesimama na mvua miguuni, mikono mitupu, akawasalimia mmoja mmoja kwa jina la biashara yake. Akawaeleza kwamba toleo hilo walilokuwa nalo lilikuwa la zamani. Jipya lina pipa nene zaidi. Yule mama mwenye kovu aliuliza lini linapatikana.

Wifi Mkubwa, ndani ya gari, aliwasikia wakikubaliana. Aliukamata mpira wa mashine ya yule mama kwa mikono miwili, akauweka pale mgongo wa mwenye gari unapoegemea, akawasha.