Rasimu za Baada ya Picha

Saa tatu na nusu asubuhi mashine ilikuwa imeshamletea Weng vikongwe arobaini, na wengi wao walikuwa na vidole sita. Aliwafuta, akabakiza mmoja.

Jina la Weng hasa ni Rowena Macaraeg. Amechora wahusika wa michezo ya kompyuta kwa miaka kumi na mmoja, kwanza Manila, sasa Melbourne, kwenye ofisi ya mtaa wa Collingwood yenye viti vingi kuliko watu. Siku hizi kazi inakwenda hivi: anachora rasimu kwa kalamu kwenye kibao cha kompyuta, anaitupia akili mnemba, inamrudishia rundo la picha zinazong'aa. Anachagua, anakata, anaunga, halafu anapaka rangi upya kwa mkono wake, ngozi, mikanda, mwanga wa jichoni, mpaka apatikane mtu. Si kazi ya aibu, na ikienda vizuri Weng huipenda. Kinachomkera ni kwamba walikuwa wachoraji wanane, na sasa wamebaki yeye na Bruno.

Leo ilikuwa zamu ya mhusika mmoja, bibi muuza chumvi. Weng alimchora kama nyanya yake wa Pangasinan, kwao Ufilipino, amechuchumaa, anavuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo, kama wavutavyo vikongwe wa kule. Mashine haikukubali. Kila mara ilimsimamisha bibi na kuugeuza moto nje. Mara ya tano Weng akachoka, akauacha hivyo hivyo, akapaka rangi juu. Roho ilimuuma, lakini muda haukuwepo.

Saa saba akaja Kerryn, mkuu wao, na kikombe chake cha kahawa.

"Bibi wa chumvi amekwisha?"

"Amekwisha."

"Haya, nipe rasimu yake. Mteja anataka ushahidi kwamba kila kitu kimechorwa kwa mkono. Ndivyo mkataba unavyosema. Saa tisa tuko naye kwenye video."

Weng akamfungulia rasimu ya asubuhi. Kerryn akaikodolea macho.

"Huyu siye. Huyu amekaa, yule amesimama. Na sigara yake mbona kama anaitafuna?"

"Ndiyo rasimu niliyoanza nayo, Kerryn. Hiyo ndiyo ya kweli."

"Ya kweli haitufai. Chora nyingine inayofanana na picha. Ikosee kosee kidogo, mkono uufute mara mbili tatu, ionekane umehangaika."

"Yaani nichore rasimu baada ya picha?"

"Usinianzie. Barua ya viza yako iko mezani kwangu wiki ya tatu sasa. Unataka niisaini nikiwa na hasira?"

Bila barua ile Weng alikuwa na miezi michache tu ya kutafuta mwajiri mwingine, au afungashe virago. Kerryn alilijua hilo vizuri, ndiyo maana aliondoka akipuliza kahawa yake taratibu.

"Chora tu, dada," Bruno akanong'ona. "Mimi juzi nimezeesha rasimu tatu. Moja nimeitia hadi doa la chai."

Weng akachora. Alikosea bega, akafuta, akakosea tena. Aibu ilimpanda hadi masikioni, maana uongo ule ulimtoka vizuri kupita kiasi.

Saa tisa mteja, Bwana Halvorsen, akajitokeza kwenye kioo cha kompyuta kutoka ng'ambo. Akaisogelea rasimu.

"Tazama mkono huu. Hapa ndipo ninapomwona binadamu. Mashine haiwezi kuhangaika hivi. Ulikusumbua, sivyo?"

Kerryn alimkanyaga Weng mguu chini ya meza. Pengine hilo ndilo lililomfanya aropoke.

"Haukunisumbua," Weng akasema. "Niliukosea makusudi, saa nane, picha ikiwa imeshakwisha. Picha yenyewe ilitoka kwa mashine, mimi nikapaka rangi juu. Rasimu yangu ya kweli ni nyingine. Nikuonyeshe?"

Bruno aliinamia kibao chake. Halvorsen akapepesa macho. Nyuma yake mtu alipita na mwavuli, akaufungua, akatoka nje, na picha ya video haikukwama hata kidogo.

"Samahani," akasema Halvorsen, "mtandao unakatikakatika. Nimesikia umesema ulikusumbua. Hicho ndicho tunachokitaka. Kerryn, hii tutaiweka kwenye matangazo." Akaaga, akakata.

Weng alisubiri kufokewa. Kerryn akacheka.

"Umeona? Wamebaki wahusika thelathini na tisa. Rasimu zao zote, Ijumaa."

"Na barua yangu?"

"Rasimu kwanza."

Weng akafungua ukurasa mpya, akaanza kukosea.