Mbeba Simu wa Kamembe

Jules alimimina chai ya tangawizi, akamega andazi, akabadilisha rangi ya kitufe cha "Uza" kutoka kijani hadi buluu, kisha akaituma programu ya kuuzia samaki moja kwa moja kwenye simu za wateja. Hakuwa ameijaribu popote. Sokoni Kamembe, Mukakalisa, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alipigwa kofi na simu yake, jino likadondokea kwenye beseni la samaki. Alilitoa, akasuuza samaki, akaendelea kupima.

Programu ilipokosea, ilimpiga aliyeishika simu. Kosa dogo lilikuwa kofi, kosa kubwa lilivunja ubavu. Akina mama wa sokoni waliita jambo hilo mise à jour, yaani sasisho, na walikuwa wamelizoea kama mvua ya Aprili. Kuifuta programu hawakuweza: wanunuzi wa Bukavu waliagiza samaki kupitia humo tu, na simu ikiachwa bila mtu wa kuishika, jina la mwenyewe lilifutika kwenye orodha ya wauzaji.

Mukakalisa alipanda ngazi hadi ofisi ya kampuni ya programu, juu ya duka la misumari, damu ikiwa bado mbichi kwenye kitenge.

"Papa Directeur, mujipige kwanza ninyi benyewe, mbele ya kutupiga sisi."

Mkurugenzi, Vénuste, alimpa kiti na Fanta. Alieleza kwa upole kwamba kampuni haina mashine ya pili ya kujaribia.

"Tena, Maman, bateja njo banaonaka makosa mbio."

Jules aliinamia kibodi kwa aibu. Mama huyo alimkumbusha shangazi yake wa Giheke. Jioni alituma toleo jingine.

Kamba hukatikia pabovu. Wauza sambaza walimtafuta Nabintu, mjane aliyevuka kutoka Bukavu bila hata kilo moja ya samaki, wakamjazia simu zao zote kwenye kikapu, wakawa wanamlipa unga ili azibebe. Tangu hapo mapigo yote yalikuwa yake. Jumanne alivunjika vidole. Alhamisi alirushwa ukutani mbele ya wapima mchele, nao walisogeza magunia yasiingie damu. Akina mama walimshona nyusi kwa uzi wa nyavu, wakamwombea kwa machozi, na asubuhi wakamrudishia kikapu. Siwasingizii ubaya, ni wanawake wema. Lakini kila mtu anayapenda meno yake.

Ofisini malalamiko yalikauka. Vénuste aliagiza brosheti, mishikaki ya mbuzi, akasema programu sasa imekomaa. Mimi ningefurahi kama mfupa ungemkwama, ila alimeza salama.

Jules aliposhuka kununua vocha, alimkuta Nabintu ameketi ngazini, kikapu mapajani, mtoto mgongoni, jicho la kushoto limezibwa kwa pamba. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa, alimwambia kwamba makampuni makubwa yana mahali pa pembeni pa kujaribia programu kabla ya kuituma.

"Kule kuko nani?" Nabintu aliuliza.

"Hakuko muntu, Maman."

"Sasa banapigaka nani?"

Jules alitazama viatu vyake. Alisema hapigwi yeyote. Nabintu alicheka mpaka mshono wa nyusi ukachuruzika damu, akajifuta kwa kiganja.

"Ile ya leo iko kubwa?"

"Iko kubwa sana. Directeur anaitaka mbele ya saa sita."

"Basi ngoja kwanza. Unishikie mutoto."

Alifungua kitenge, akamshusha mtoto, akampa. Kisha akauma ncha ya kitenge, akakikumbatia kikapu, akajibanza kwenye kona ya ukuta.

Jules alipanda na mtoto, akampakata, akabonyeza kitufe cha kutuma kwa mkono uliobaki huru. Chini ngazini kitu kizito kiligonga zege, kikagonga tena. Mtoto alinyoosha kidole kuelekea rangi mpya kwenye skrini. Jules alisoma ujumbe wa kosa, akaona ni koma moja tu iliyosahaulika, akaiweka mahali pake, akambembeleza mtoto kidogo, akabonyeza tena.