Chura Kwenye Boma la Naserian

Kisima changu kimesimama sebuleni, kuta zake nne ni kioo, na hakuna mtu achotaye. Usihangaike kunipa mji, nitakwambia mwenyewe: ni tangi la samaki la mkwe wangu Naserian, na mimi ndiye niliyelichafua.

Nimezaliwa Magu, kando ya ziwa. Kule samaki wa jamii hii tunawaita furu, na tulikuwa tunawakaanga wakavu, tunawala na vichwa vyao. Kwa hiyo siku niliyohamia Mikumi kutoka shambani Zombo, mwanangu Masunga aliponionyesha lile tangi nikasema, "Hawa hawatoshi hata mboga ya mtu mmoja." Masunga akacheka. Naserian hakucheka. Yeye ni Mmasai, kwao samaki haliwi kabisa. Aliinuka akalifunika tangi kwa kitambaa, kama mtu anayemkinga mtoto na jicho baya.

Nilikuja kuelewa taratibu. Tangi aliachiwa na meneja wa hoteli anakofanya kazi, siku meneja huyo alipohama. Baba yake Naserian ana ng'ombe wengi, lakini yeye tangu aolewe na mwanangu hana hata mbuzi. "Mama," aliniambia siku moja akisugua kioo, "hawa ndio boma langu." Walikuwa tisa, asili yao Ziwa Nyasa, na kila mmoja alikuwa na jina kufuatana na rangi yake: Njano, Madoa, Mistari, na wengine sikuwashika. Sikuwahi kumwona akiwahesabu. Alikuwa anapita tu na beseni la nguo, anatupa jicho mara moja, anajua wote wapo.

Jumanne moja aliitwa Kilosa kwenye mafunzo ya wahudumu wa hoteli, arudi Ijumaa. Masunga alikuwa Ruaha na lori la miwa. Akanikabidhi kopo la chakula cha samaki.

"Kidogo, mama. Kama chumvi ya mboga. Asubuhi tu."

"Nimelea watoto sita, mwanangu."

"Hicho ndicho ninachoogopa." Akainama kwenye kioo. "Na huyu Njano usishangae akikataa kula. Ana watoto mdomoni. Siku yoyote atawatema."

"Hilo usinifundishe, nilikua nao hao. Kitendawili."

"Tega."

"Kinywa kimejaa, tumbo lina njaa."

"Njano," akasema, akachukua mkoba. Mlangoni akageuka. "Mama, sijawahi kumwachia mtu."

Basi akaenda. Nami nikakaa kula, na samaki wanane, wote isipokuwa Njano, wakaja kwenye kioo wakapanga nyuso zao, vinywa vinafunguka na kufumba. Utakulaje hapo? Nikawapa tonge la ugali. Jioni likafuata la pili, kubwa kidogo. Jumatano asubuhi maji yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

Nilifagia uwanja ambao nilikwisha kuufagia. Nikabandika chai, nikaisahau jikoni. Nikarudi kwenye tangi, nikatoka tena. Halafu nikakumbuka kisima chetu cha Zombo. Kilikuwa na chura, yule bapa wa majini mwenye kucha miguuni, na hakuna aliyethubutu kumtoa, kwa sababu tuliamini yeye ndiye mfagiaji. Siku chura akitoweka, watu walikuwa wanachemsha maji. Nikabeba ndoo, nikaenda kwenye kisima cha jirani yetu Abeli.

"Mama Masunga, mboga imeisha?" akaniuliza aliponiona namvua chura.

"Msukuma hali chura, Abeli. Huyu nina kazi naye."

"Kazi gani? Ana cheti?"

"Anacho kukuzidi wewe. Ameishi kisimani mwako miaka yote na hajawahi kulalamika."

Nikamtia chura kwenye tangi. Na kweli, alishuka moja kwa moja chini, akaanza kujisukumia vipande vya ugali mdomoni kwa mikono miwili, maana ulimi hana. Nilifurahi. Nililala nimetulia usiku huo tu.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa na nafuu. Lakini chura alijibanza nyuma ya jiwe, vidole vya miguu vimetafunwa vinavuja damu. Wenye nyumba walikuwa wamempiga. Na tumbo lake lilikuwa duara. Nikawahesabu samaki. Wanane. Nikahesabu tena kwa kidole juu ya kioo. Wanane. Mistari, aliyekuwa mdogo kuliko wote, hakuwapo.

Nikachukua chujio la chai, nikazamisha mkono. Chura akafyatuka, samaki wakagongana, na Njano akakimbilia kona, kidevu kinatetemeka. Kitoto kimoja, macho tu na mkia, kikachomoka mdomoni mwake, kikaelea kidogo, akakidaka tena. Nikatoa mkono kama nimeungua. Kwetu Magu furu alikuwa akishtuka wavuni anawamwaga watoto wote mchangani. Nikimfukuza chura, Njano atatema kwa hofu. Nikimwacha, atatema tu kwa sababu siku zimetimia. Kwa vyovyote watoto wangeangukia mlangoni kwa chura.

Nilitoka nikaenda hadi barabara kuu, nikatazama malori yakipita, nikarudi. Njiani nilikuwa natunga maneno. Mistari aliruka akaanguka nje. Mistari aliumwa. Chura ningemrudisha, na Abeli angenyamaza nikimwomba. Nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena, nikaiweka kwenye kabati kabisa ili isinisumbue. Nikapita mbele ya tangi, Njano bado yuko konani, anapumua haraka haraka. Nikafungua kabati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naserian, nimeingiza chura bomani kwako."

Nyuma yake wanawake walikuwa wanacheka na vyombo vinagongana. "Chura gani?"

"Wa kisimani. Nilichafua maji kwa ugali, nikataka ayasafishe. Amemla Mistari."

Nilisikia mlango ukifungwa, na vicheko vikabaki mbali.

"Njano?"

"Yupo. Hajatema."

Sauti iliyorudi sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Ilikuwa ya mtu aliyesimama kwenye lango la boma na fimbo mkononi. "Mama, nisikilize. Usimfukuze simba. Toa ndama kwanza."

Akaniambia nichote maji ya tangi hilohilo niyatie kwenye beseni. Nifunike tangi kwa kanga, samaki wapate giza watulie. Halafu nishushe bakuli, siyo chujio, nilisogeze kwa Njano polepole mpaka aingie mwenyewe.

"Asiuone mkono wako."

"Mkono wenyewe unatetemeka."

"Basi ngoja uache. Mimi nipo kwenye simu."

Tulingoja. Hakukata simu. Mkono ulipotulia nikashusha bakuli, na Njano akaingia na kinywa chake kimefumba, kama mama anayepanda basi na mizigo yote. Nikamhamishia kwenye beseni.

"Ameingia," nikasema.

"Na simba?"

"Huyo niachie mimi."

Kaka zangu walikuwa wanasuka mgono, mtego ambao samaki anaingia na hajui kutoka. Nikakata chupa ya plastiki, nikaigeuza shingo ikatazama ndani, nikatia kipande cha ini, nikaizamisha tangini. Chura hajali anachokiona, anafuata harufu. Kabla ya saa kumi alikuwa ndani ya chupa, anashangaa. Nikamrudisha kwao.

"Amefukuzwa kazi?" Abeli akauliza.

"Kosa la mwajiri," nikamwambia.

Ijumaa Naserian aliingia, akaniamkia, akaenda kwenye beseni bila kuvua viatu. Njano alikuwa ametema alfajiri. Watoto walimzunguka kichwa, na kivuli chetu kilipowaangukia wote wakakimbilia kinywani kwake. Kisha akaenda kwenye tangi. Jicho moja tu.

"Mistari," akasema, akagusa kioo mahali yule mdogo alipozoea kukaa.

Kitendawili kilinijia mdomoni. Nimezoea kutorokea huko. Nikakimeza. "Mimi ndiye niliyempoteza."

"Najua, mama."

Tulibadilisha maji mpaka jua likazama, mimi nabeba ndoo, yeye anamimina. Hakusema yamekwisha, nami sikumuuliza. Jumamosi nzima nilikuwa nainuka kila anapoinuka.

Jumapili jioni nikamwona anapanga tena nguo kwenye mkoba. Mafunzo yalikuwa yanaendelea wiki nzima iliyofuata. Nikasema labda Masunga aombe ruhusa huko Ruaha, aje kuangalia samaki.

"Masunga hawezi kuwatofautisha," akasema. Akaniwekea kopo mapajani. Ndani, chakula alikuwa amekifunga kwenye vikaratasi saba. "Kimoja kila asubuhi. Na unga wa ugali nimeufungia kabatini, ufunguo ninao."

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Wali."

Akaenda kupiga pasi sare yake. Nikavuta kigoda mbele ya kioo, nikamwita arudi kidogo, aanze kunionyesha yupi ni yupi.