Kiti cha Sumaku na Kigelegele cha Mama Melania

Katika parokia yetu ya Runzewe hakukuwa na mwanamke aliyepiga kigelegele kama Martina, mke wa Makoye. Kilianza chini kama mtu anayesafisha koo, kikapanda, kikazunguka, na wachimbaji waliokuwa wakipumzika nje ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, waliulizana, "Leo nani anaoa?"

Kisha akanyamaza. Watu walidhani ni utu uzima. Ukweli ni kwamba tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho, Martina hakuweza kuzuia mkojo. Akikohoa, unatoka. Akinyanyua karai la mchanga, unatoka. Siku ya kipaimara alijisahau akapiga kigelegele kimoja tu, halafu akakaa kwenye benchi mpaka kanisa lote likatoka, akijifanya anasali. Na kweli alisali, maana hakuwa na kazi nyingine ya kufanya pale.

Mwaka 1999 binti yake Melania alichumbiwa na Wiliam, mwalimu kijana kutoka Kishapu. Ndoa ilipangwa ifungwe Novemba, kabla ya Majilio. Wakwe walipokuja, shangazi wa Wiliam, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimshika Martina mkono akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mayu! Sifa zako zimefika mpaka kwetu. Sisi tunakuja na wapiga vigelegele wetu. Siku hiyo wewe utatuongoza. Mama wa binti akinyamaza mlangoni mwa kanisa, sisi tutajua anamtoa mtoto kwa kinyongo."

Wote wakacheka. Martina naye akacheka, huku amebana magoti.

Alipeleka jambo hilo kwa Mungu. Hakuomba makubwa. "Bwana, nipe kigelegele kimoja tu, kikavu." Wiki iliyofuata, baada ya misa, padri alitangaza kwamba hospitali ya misheni iliyo njia ya Kahama imeazimwa mashine ya kuwasaidia akina mama wenye shida ya mkojo. Si operesheni, si sindano. Ni kiti tu, na kitarudishwa kilikotoka mwaka ukiisha. Kanisa zima likaangalia sakafu. Martina aliangalia sakafu kuliko wote.

Alipofika hospitali alimkuta kwenye benchi Mehjabin, mke wa Hozefa, mwenye duka la vitambaa pale Runzewe. Walijuana miaka mingi.

"Mama Irfan! Unaumwa?"

"Jino," alisema Mehjabin haraka. "Na wewe, Mama Melania?"

"Macho."

Mlango ukafunguliwa, Sista Euphrasia akatoa kichwa. "Wale wa mkojo, karibuni!"

Walitazamana. Mehjabin ndiye aliyeanza kucheka, akaufunika uso kwa rida, vazi lake la kujitanda. "Twende, mama wa macho."

Sista aliwaeleza vizuri. Chini ya kiti kuna waya uliosukwa mviringo. Umeme wa jenereta ukipita humo unakuwa sumaku, inayowaka na kuzimika upesi sana. Sumaku hiyo inaamsha neva, neva zinaiamuru misuli ya chini, ile inayofunga mkojo, ibane na kuachia, ibane na kuachia. Misuli iliyolegea inajifunza kazi upya. "Hamvui nguo. Mnavua chuma tu: hereni, saa, bangili, hata rozari."

Kumkabidhi Sista rozari yake, yenye msalaba wa chuma, ndiko kulikomuuma Martina. Alihesabu Salamu Maria kwa vidole.

Mehjabin alitangulia. Alipotoka alikuwa amekodoa macho. "Mama Melania, kile kiti kinakonyeza! Kama mtu anakukonyeza kwa ndani. Nimeaibika mimi, nilitaka kukiamkia shikamoo."

Martina akaingia, akakaa. Mashine ikalia taka-taka-taka. Akasubiri kukonyezwa. Wapi!

"Unasikia kitu?" aliuliza Sista.

"Kwa mbali," alidanganya.

Ikawa hivyo kila alipokwenda. Mehjabin alizidi kuchangamka. Alianza kunyanyua majora ya vitambaa mwenyewe dukani, na alimwambia Martina kwa furaha kwamba sasa akitawadha, udhu wake unakaa mpaka amalize kuswali. Martina alibaki vilevile. Mwishoni mwa Septemba Daktari Maduhu alimwita.

"Mama, dawa hii haimfai kila mtu. Kuna akina mama wengi wanasubiri. Tujaribu mara moja zaidi, isipokubali tumpe mwingine nafasi. Usijilaumu."

Njiani kwenye basi Martina aliona kama mbingu imemfungia. Mehjabin, aliyekaa pembeni yake, alimnunulia karanga, lakini hazikushuka.

Kesho yake alikuwa mwaloni, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, pamoja na rafiki yake Mageni. Baada ya kuosha, chini ya karai hubaki mchanga mweusi wenye chuma, umeshikamana na dhahabu. Ndipo hutumika sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio bovu. Unaifunga kwenye mfuko wa nailoni, unaipitisha karibu kabisa na mchanga, chuma kinaruka na kuganda kwenye nailoni, dhahabu inabaki. Martina aliifanya kazi hiyo huku mawazo yako Kishapu, kwa yule shangazi.

"Wewe!" alisema Mageni. "Sumaku iko mbinguni, mchanga uko duniani. Vitakutana lini?"

Martina akatazama mkono wake. Kweli, alikuwa ameishikilia juu, na hakuna hata chembe iliyopanda. Akaishusha taratibu. Ilipokaribia, mchanga ukaruka wote kwa pamoja. Akaipandisha tena. Hakuna. Akaishusha.

"Unachezea kazi?" Mageni aliuliza.

"Yesu wangu," alisema Martina. "Vitenge!"

"Vitenge gani?"

Lakini Martina alikuwa amekwisha kupiga ishara ya msalaba na kukaa chini kwenye matope.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tangu siku ya kwanza alikuwa na hofu moja: je, akikilowesha kile kiti cha wageni, mbele ya Sista? Kwa hiyo kila alipokwenda alijifunga chini ya sketi taulo lililokunjwa mara nne, na juu yake vitenge vitatu, kimoja baada ya kingine. Sista aliona mama mnene, akamshukuru Mungu kwa afya yake. Martina alikuwa amekaa juu ya sumaku kama mtu aliyekaa juu ya godoro.

Siku ya zamu yake aliingia chumbani, akafunga mlango, na badala ya kukaa akaanza kufungua. Kitenge cha kwanza kikaanguka. Cha pili. Cha tatu. Mehjabin, aliyekuwa anamalizia kuvaa bangili zake, alitoa macho.

"Hiki cha maua si nilikuuzia mimi wakati wa Pasaka? Mama Melania! Mimi nakuuzia uvae, wewe unatandika?"

Taulo lilipotoka, Sista Euphrasia alilazimika kushika ukuta kwa kicheko. Daktari Maduhu alikuja kuuliza kuna nini, akaelezwa, akavua miwani na kuifuta.

"Kosa letu pia," alisema. "Tuliuliza habari za chuma, hatukuuliza habari za nguo. Nguvu ya kiti hiki haifiki mbali, mama. Kila tabaka linakupandisha juu yake."

"Na nikikilowesha?" aliuliza Martina kwa sauti ndogo.

"Kitafutwa," alisema Sista. "Kimetengenezwa kwa ajili ya wenye shida hiyo, si kwa ajili ya maonyesho. Kaa, mwanangu."

Martina akakaa na sketi yake peke yake. Taka-taka-taka. Halafu akaruka kidogo.

"Kimenikonyeza!"

"Kiitikie basi!" alipiga kelele Mehjabin.

Daktari hakumtoa tena. Aliendelea mwezi wote wa Oktoba, na nyumbani alifanya mazoezi aliyofundishwa ya kubana misuli ileile mwenyewe. Aliyaunganisha na rozari, kubana kila Salamu Maria, akamwambia Bwana kwamba kama ni dhambi atamsamehe. Kwanza kikohozi kikapita salama. Kisha karai. Lakini kigelegele hakukijaribu. Alikiogopa.

Asubuhi ya harusi alisimama chumbani ameshika lile taulo. Makoye alichungulia. "Mama Melania, gari limefika. Unabeba taulo kwenda kuoga wapi tena?"

Alilitupa kitandani, akatoka.

Misa ilikwisha. Wageni wa Kishapu walikuwa wamejipanga nje, shangazi mbele, amekunja mikono kiunoni. Mehjabin alikuwa upande wa kina mama wa Runzewe, ameshika zawadi ya jora zima. Melania akatokea mlangoni na Wiliam wake, shela ikipepea, akageuza kichwa kumtafuta mama yake. Kila mtu akanyamaza akisubiri.

Martina alisema moyoni, Bwana, kile kimoja tulichoongea. Akafungua kinywa.

Kilianza chini kama mtu anayesafisha koo. Kikapanda, kikazunguka mnara wa kengele, kikarefuka mpaka Makoye akavua kofia. Melania alilia na kucheka kwa pamoja. Shangazi wa Kishapu alijaribu kuitikia, akaishiwa pumzi katikati, akakohoa.

"Hatumwezi huyu!" alisema. "Binti katolewa kwa moyo wote!"

Kilipokwisha, Martina alisimama wima bila kubana magoti. Alisubiri. Alijisikiliza. Kukavu.

Ng'ambo ya watu, Mehjabin alimnyanyulia nyusi kumuuliza. Martina akamkonyeza. Kisha, kwa kuwa Mungu alikuwa ametoa zaidi ya kile kimoja alichoombwa, akavuta pumzi na kupiga cha pili.