Kilichojaza Simu

Simu ya fundi cherehani iligoma tena, mteja akiwa amesimama na utepe kiunoni. Fundi huyu hakuwa mtu wa daftari: vipimo aliviandika kwa chaki kwenye kitambaa chenyewe, akavipiga picha, basi. Simu ikigoma, na kazi imegoma. Kioo kilisema hifadhi imejaa.

Imejaaje? Wiki iliyopita mumewe alimsimamia kichwani, akamwamuru afute makorokoro yake. Akafuta picha zote za marehemu mama yake, hadi ile ya mwisho, mama akicheka kitandani bila meno. Alipolia, mume alimwambia simu si makaburi. Neno hilo lilikuwa bado limemkaa rohoni.

Mteja alipoondoka, aliingia kwenye mipangilio, mahali ambapo mumewe humkataza kugusa eti ataharibu. Programu zilijipanga kwa ulafi, kubwa lao juu. Picha zilikuwa chini huko, hata aibu kuzitaja. Juu kabisa kilikaa kinasa sauti, gigabaiti arobaini. Yeye hajawahi kurekodi chochote.

Akakifungua. Kulikuwa na rekodi za kila siku, tangu mume alipomletea simu hiyo kama zawadi. Akabonyeza ya kwanza. Mumewe alinong'ona: "Moja, mbili. Haya, tuone anaongea na nani."

Kumbe ndiyo maana kila jioni aliiazima, akavaa spika za masikioni, akasema anasikiliza mpira. Mwaka mzima. Siri za wateja waliovua nguo humu ndani, mama akimweleza maumivu yake, yote kayala bure mwanamume huyu. Fundi alimchukia waziwazi, na hakujionea haya.

Hakufuta rekodi hata moja. Alinunua daftari, akanakili vipimo vyote, akafuta picha zake simu ipate nafasi, kisha akamwita fundi wa vitasa. Jua lilipokuwa linashuka, nguo za mume zilikuwa zimekunjwa nje ya mlango. Akaishika simu, akahakikisha inarekodi, akaisogeza mdomoni.

"Baba watoto, kitasa ni kipya, usijisumbue na funguo zako. Nilimfuta mama yangu ili wewe upate pa kuweka umbea wako. Leo nakufuta wewe."

Akaiweka juu ya nguo, pamoja na zile spika zake za masikioni, akaingia ndani na kufunga.